Kuwahi Maonyesho Kabla Picha Hazijashushwa: Mwongozo wa Kutazama Picha na Vielelezo Akita, Japani

Mara ya kwanza nilipofunga safari nchini Japani kwa ajili ya picha tu, nilikaa kwenye basi zaidi ya saa tatu, nikashuka kwenye theluji, nikatembea hadi makumbusho fulani ya sanaa ya mkoa na kukuta kamba mlangoni. Mlinzi akaja, akainama, akainama tena, akanionyesha kalenda ukutani. Maonyesho niliyoyafuata yalikwisha Jumapili. Mengine yangeanza Jumamosi. Siku zote za katikati, nyumba nzima ilikuwa inashusha picha na kutundika nyingine. Nilikuwa na fikra kwamba makumbusho ni jengo: fika, lipa, tazama kilichomo. Fikra hiyo ilinigharimu nauli ya kwenda na kurudi.

Huku mikoani makumbusho ya sanaa yana msimu kama maembe. Unachofuata ni maonyesho yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na ndani ya tarehe hizo kuna vipindi, na ndani ya vipindi kuna picha zinazoingia na kutoka. Mwongozo huu ni kwa Mswahili aliyeko Japani kwa masomo, kazi au matembezi, anayetaka kuona michoro ya vitabu na picha za wachoraji wa mikoani. Mfano wangu ni mkoa wa Akita, kaskazini mwa kisiwa kikubwa cha Honshu. Mimi naishi Sendai, Akita ni jirani. Lakini sababu kubwa ni kwamba huko uchoraji wa vitabu na uchoraji wa wenyeji vilikutana mkononi mwa mtu mmoja.

Hatua ya 1: Chagua maonyesho kwanza, jengo baadaye

Chini ya paa moja utakuta mambo mawili. Kuna *jōsetsuten*, mali ya makumbusho yenyewe inayotundikwa kwa zamu mwaka mzima. Siku hizi wengi huiandika *korekushonten*. Halafu kuna maonyesho ya muda: *kikakuten*, yanayoandaliwa na wataalamu wa makumbusho kwa hoja fulani, na *tokubetsuten*, makubwa zaidi, yenye picha za kuazima na kiingilio cha juu. Hayo ya muda mara nyingi hudumu kama mwezi mmoja na nusu au miwili, basi.

Ukishayaona kwenye tangazo, jiulize: haya yanazunguka, au ni ya hapa hapa? Yanayozunguka, *junkaiten*, huandaliwa mara moja yakapita miji kadhaa. Vielelezo vya vitabu vya watoto huja sana kwa njia hii. Chukua maonyesho ya wachoraji wa vielelezo ya Bologna, Italia: kila mwaka kazi zilizoteuliwa huko huletwa Japani, na wenyeji wake wakongwe ni makumbusho ya Otani mjini Nishinomiya, tangu 1978, na Makumbusho ya Sanaa ya Itabashi, Tokyo, tangu 1981. Mchoraji hupeleka michoro mitano kwa waamuzi, kwa hiyo unachokiona ukutani ni hadithi nzima katika karatasi tano. Ukiyakosa mji mmoja, unaweza kuyakuta mwingine, na mwakani yatakuja mapya.

Ya mchoraji wa mkoani hayana mwakani. Picha nyingine zimeazimwa kutoka majumbani mwa watu, na muda ukiisha zinarudi kwenye visanduku vya wenyewe. Ukilazimika kuchagua moja, mimi nasema chukua la wenyeji, hata kama jina la mchoraji hujawahi kulisikia. Najua wapo watakaonibishia, hasa wenye watoto.

Hatua ya 2: Wajue wachoraji kabla ya kukata tiketi

Maelezo ya ukutani mara nyingi ni Kijapani kitupu, na Kiingereza kikiwapo huwa mistari miwili. Ukiingia bila habari utatoka na habari ya maua. Kwa Akita, hawa ndio wa kuanza nao.

Odano Naotake alizaliwa 1749 Kakunodate, mji mdogo wa samurai. Mwaka 1773 watawala wa Akita walimwita Hiraga Gennai kutoka Edo, Tokyo ya leo, aje kushauri juu ya migodi ya shaba. Gennai alikuwa mtu wa mambo mengi, na moja lilikuwa uchoraji wa Kizungu aliouona katika vitabu vya Waholanzi, Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara Japani wakati huo. Naotake akamfuata Edo. Mwaka uliofuata, 1774, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akapewa kazi ya kuchora vielelezo vya *Kaitai Shinsho*, kitabu cha elimu ya mwili wa binadamu ambacho Sugita Genpaku na wenzake walikitafsiri kutoka Kiholanzi. Mifupa, misuli, matumbo: vyote vilikuwa vimechapwa Ulaya kwa bamba la shaba, kwa mistari myembamba iliyosongamana. Naotake alivinakili kwa brashi, kisha mafundi wakavichonga kwenye mbao. Mwishoni mwa michoro aliandika maneno ya kuomba radhi, kwamba kazi ile ilimzidi kipaji. Nenda uitazame halafu uamue kama alikuwa mkweli.

Bwana wake, Satake Shozan, mtawala wa Akita (1748–1785), naye alishika brashi, na mwaka 1778 akaandika maelezo juu ya uchoraji wa Kizungu, ya mwanzo kabisa Japani. Mtindo wao huitwa *Akita ranga*, picha za Kiholanzi za Akita: hariri na rangi za Kijapani, lakini zenye kivuli na umbali wa Kizungu. Naotake alifariki 1780, Shozan miaka mitano baadaye, na mtindo ukafifia nao. Nikiwasoma humkumbuka Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972 baada ya kuchora miaka michache tu. Yeye alikuwa na ndugu na wanafunzi Dar es Salaam walioendeleza brashi mpaka leo. Naotake hakupata msururu kama ule.

Aliyewatoa gizani ni mchoraji mwingine wa Kakunodate hiyo hiyo, Hirafuku Hyakusui (1877–1933). Huyu alichora vielelezo vya gazeti Tokyo kabla hajawa jina kubwa katika uchoraji wa Kijapani, na mwaka 1930 alitoa kitabu kilichowarudisha Naotake na Shozan mbele ya watu. Kakunodate kuna makumbusho yenye jina la Hirafuku, kwa heshima yake na baba yake Suian, naye mchoraji.

Katsuhira Tokushi (1904–1971) alijifunza mwenyewe kuchapa picha kwa mbao. Kwa kawaida kazi hiyo hugawanywa kwa watu watatu, mchoraji, mchongaji na mchapaji. Yeye aliifanya yote peke yake, akichora watu wa Akita sokoni, shambani na kwenye sherehe. Kazi zake zinaonyeshwa Akarenga Kyōdokan, jengo la matofali mekundu la 1912 lililokuwa benki, katikati ya mji wa Akita.

Kisha Fujita Tsuguharu (1886–1968), aliyekuwa maarufu Paris. Huyu si mwenyeji, ila mwaka 1937 tajiri wa Akita, Hirano Masakichi, alimwita, na ndani ya ghala la mpunga Fujita akamaliza kwa saa 174 picha yenye kimo cha mita 3.65 na urefu wa mita 20.5 juu ya maisha na sherehe za Akita. Hiyo haitoki: ipo Makumbusho ya Sanaa ya Akita, dakika kama kumi kwa miguu kutoka stesheni, katika jengo alilolibuni Ando Tadao. Maonyesho ya muda huzungushwa kando yake.

Na Yaguchi Takao (1939–2020), mtoto wa Masuda, kusini mwa mkoa, aliyefanya kazi benki miaka 12 ndipo akaacha na kuwa mchoraji wa manga, vibonzo vya Kijapani. Kwao sasa kuna Makumbusho ya Sanaa ya Manga ya Masuda, yaliyofunguliwa 1995 na kukarabatiwa yakafunguliwa upya 2019. Yanatunza kurasa zenyewe zilizochorwa kwa mkono, zaidi ya 400,000, za wachoraji wengi. Kuingia ni bure. Maonyesho maalumu ya muda ndiyo yenye kiingilio.

Picha za Akita ranga na wachoraji wa mkoa kwa jumla zitafute kwenye makumbusho ya mkoa ya sanaa ya kisasa, *Kindai Bijutsukan*, mjini Yokote. Yalifunguliwa 1994, na mchoro wa Naotake nitakaoueleza mbele ni mali yao.

Hatua ya 3: Isome kalenda mpaka mwisho

Hapa ndipo watu hupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Fungua tovuti ya makumbusho, tafuta maneno haya hata kama husomi Kijapani. Yanakili kwenye simu uyalinganishe kwa macho. 会期, *kaiki*, ni muda wa maonyesho. 休館日, *kyūkanbi*, ni siku za kufungwa. Makumbusho mengi hufunga Jumatatu. Lakini Jumatatu ikiwa sikukuu hufunguliwa, na kufungwa Jumanne. Mwisho wa mwaka wengi hufunga kuanzia tarehe 29 Desemba hivi hadi tarehe 3 Januari. Wengine hawana siku maalumu, hutangaza tu, na jengo la Ando la Akita ni mojawapo. Kwa hiyo usikariri. Angalia kila safari.

Saa nazo: mengi hufungua saa 3:30 asubuhi na kufunga saa 11:00 jioni, na kuingia husimama nusu saa kabla. Narudia kwa sababu nimeona wenzetu wakigeuza vibaya: kwenye tiketi itaandikwa 16:30, nayo ni saa kumi na nusu jioni, si saa nne.

Sasa yale yaliyo ndani ya kaiki. Ukiona 前期 na 後期, *zenki* na *kōki*, maonyesho yamegawanywa kipindi cha kwanza na cha pili, na picha hubadilishwa katikati. Kubadilisha huko ni 展示替え, *tenjigae*. Si mbinu ya kukuuzia tiketi mbili, ingawa mfuko utahisi hivyo. Ni mwanga. Rangi za maji, chapa za mbao na hariri hula hasara kila dakika zinapoangaziwa, na hasara ya mwanga hairudi. Ndiyo maana chumba cha karatasi huwekwa luksi (kipimo cha mwanga) 50 hivi, wakati ofisi yenye taa nzuri hufika 500; picha za mafuta huvumilia zaidi, 150 hadi 200. Hata kwa giza hilo, karatasi hupewa wiki chache, ikarudi kupumzika kwenye kabati kwa miezi au miaka. Ukiingia ukaona kama umeme ni mdogo, subiri dakika tano macho yazoee. Usiwashe tochi ya simu! Nimemwona mtu akifanya hivyo, na mhudumu alifika kwake kabla taa haijatulia.

Kwa hiyo kabla hujalipia treni, pakua orodha ya kazi: 出品目録, *shuppin mokuroku*, au 作品リスト. Huwa ni kurasa chache zenye namba, jina la picha, mwaka, mwenye mali, na mwisho safu ya vipindi yenye duara au tarehe. Tafuta picha unayoifuata, tazama duara lake liko upande gani. Kama ni kitabu, daftari la michoro au picha ndefu ya kukunjwa kama mkeka, angalia 場面替え, *bamengae*: kitu kitakuwapo vipindi vyote viwili, ila ukurasa uliofunuliwa utabadilishwa. Ukifuata *Kaitai Shinsho* kwa ajili ya mchoro wa mifupa unaweza kukuta kimefunuliwa kwenye maandishi.

Neno la mwisho la kutafuta ni 複製, *fukusei*, nakala. Kinyume chake kwa vielelezo na manga ni 原画, *genga*, mchoro wenyewe uliotoka mkononi. Nakala za siku hizi zimechapwa vizuri kiasi kwamba huwezi kutofautisha ukiwa hatua mbili, na makumbusho yenye heshima huandika wazi. Hata makumbusho ya Chihiro, ya Tokyo na ya Azumino, yanayotunza rangi za maji za Iwasaki Chihiro (1918–1974), hutundika nakala za namna hiyo ili michoro yenyewe ipumzike. Sioni ubaya. Ila kama unasafiri mkoa mzima kwa ajili ya alama ya brashi, ujue mapema unakwenda kuona ipi.

Hatua ya 4: Safari

Kutoka Tokyo treni ya kasi ya Komachi hufika Akita kwa muda wa saa nne kasoro, takriban yen 18,000 kwenda tu, na viti vyake vyote ni vya kuweka mapema. Husimama Kakunodate. Basi la usiku ni nafuu zaidi, kwa mwenye mgongo mzuri. Kutoka Akita hadi Yokote ni treni ya kawaida ya njia ya Ōu, saa moja na kitu, na treni ni chache: piga picha ratiba ya kurudi ukiwa bado stesheni. Masuda unashukia Jūmonji, kisha teksi. Kindai Bijutsukan na Masuda unaweza kuvimaliza siku moja ukianza asubuhi. Ukiongeza na mji wa Akita siku hiyo hiyo utaona milango tu.

Kuanzia tarehe 3 hadi 6 Agosti ni sherehe ya Kantō mjini Akita, na vyumba vya hoteli huwa hadithi. Majira ya baridi Yokote ni theluji ya kweli, si ile ya picha. Viatu vya mjini viache nyumbani.

Hatua ya 5: Dirishani

Kiingilio cha maonyesho ya muda mikoani mara nyingi ni kati ya yen 1,000 na 2,000. Kuna tiketi za mapema, *maeuri-ken*, zinazouzwa hata kwenye maduka ya konbini kabla maonyesho hayajaanza. Mwanafunzi, toa kitambulisho bila kuona haya. Wanafunzi wa sekondari ya chini na wadogo zao mara nyingi huingia bure. Mwenye cheti cha ulemavu hupata punguzo au huingia bure, na mara nyingi msindikizaji wake pia. Wazee wa miaka 65 na kuendelea, ulizeni. Tarehe 3 Novemba, Siku ya Utamaduni, makumbusho mengi hufungua mlango bila malipo, na msongamano wake ni wa bure vile vile.

Beba sarafu ya yen 100. Makabati ya mizigo karibu na mlango huimeza na kuirudisha ukifungua. Weka begi, koti, mwavuli kwenye rafu yake, na chupa ya maji. Bakiza sweta jepesi hata Agosti, kwa sababu vyumba huwekwa baridi na ukavu wa kupendeza karatasi kuliko watu. Wahudumu wanaokaa kwenye viti vya pembeni hufunika magoti kwa blanketi. Hiyo ikuambie kitu.

Kalamu ya wino marufuku. Nilianza kuandika kwenye daftari langu siku moja, mama mmoja mhudumu akaja kimya kimya, akapiga goti kidogo kama anayemsalimu mkwe, akanipa penseli fupi isiyo na kifutio kwa mikono miwili. Hakusema neno lolote la kunikemea. Tangu hapo huomba mapema: *Enpitsu o kariraremasu ka?* Naomba kuazima penseli. Kwa picha za simu, tazama alama kando ya kila kazi, kwani chumba kimoja kinaweza kuwa na kazi zinazoruhusiwa na zisizoruhusiwa. Ukiwa na shaka, *Shashin wa daijōbu desu ka?* Mwako wa kamera na fimbo ya kujipigia haviruhusiwi popote nilipowahi kufika.

Hatua ya 6: Kibao kidogo chini ya picha

Jina la mchoraji huanza na la ukoo. Mwaka mara nyingi ni wa enzi ya mfalme, na hesabu yake ni ya kujumlisha tu: Meiji ongeza 1867, Taishō 1911, Shōwa 1925, Heisei 1988, Reiwa 2018. Ukisoma Shōwa 12 kwenye picha ya Fujita, 12 na 1925 ni 1937. Kazi za kabla ya Meiji zina majina mengine mengi ya enzi. Usijitese, kibao kwa kawaida huongeza mwaka wa kawaida au karne.

Halafu vifaa. 油彩 ni rangi ya mafuta, 水彩 rangi ya maji, 木版 chapa ya mbao, 絹本着色 rangi juu ya hariri. Mwisho ni mwenye mali. Ukisoma 個人蔵, *kojinzō*, ni mali ya mtu binafsi ambaye jina lake halitajwi. Simama hapo muda mrefu zaidi. Picha za makumbusho utazikuta siku nyingine. Hii labda hutaiona tena.

Hatua ya 7: Tazama kwa karibu, kisha karibu zaidi

Piga mzunguko wa kwanza haraka bila kusoma kitu. Rudi kwenye picha tano ulizozikumbuka. Wajapani wengi huja na kidarubini cha jicho moja, kidogo kama kidole gumba. Kinasaidia kwa sababu picha nyingi zina kioo mbele na huwezi kusogeza pua. Kama huna, inama pembeni mpaka mng'ao wa kioo uondoke.

Mchoro wa Naotake unaoitwa *Shinobazu no ike zu*, Bwawa la Shinobazu, ni wa hariri, upana wake mita 1.3 hivi. Ukiwa mbali unaona chungu cha maua ya peoni mbele, makubwa kupita kiasi, na nyuma yake bwawa la Edo limelala mbali, maji na miti midogo kama imechorwa na mtu mwingine. Hilo pekee lilikuwa jambo geni Japani ya karne ya 18: kitu cha karibu kikubwa, cha mbali kidogo, na chungu chenye kivuli. Sasa sogea kwenye tumba la ua ambalo halijachanua. Juu yake kuna sisimizi. Wadogo kweli, wa kiasi cha nukta. Peoni huvutia sisimizi kwa utamu wa matumba yake, na Naotake aliliona hilo akaliweka. Mkono uliochora sisimizi hao ndio uliochora mishipa na misuli ya kitabu cha waganga. Mara ya kwanza niliwapita. Bibi mmoja aliyekuwa na mjukuu alimwonyesha kwa kidole, nami nikachungulia juu ya bega la mtoto.

Kwa kurasa za manga na vielelezo, tafuta yale ambayo kitabu kilichochapwa hakikuonyeshi. Rangi nyeupe iliyopakwa juu ya wino kufunika kosa, imevimba kidogo. Maneno ya wahusika yaliyochapwa pembeni yakakatwa na kubandikwa, na gundi imegeuka njano. Penseli ya buluu yenye maagizo kwa mpiga chapa. Alama za vidole, wakati mwingine. Kwenye kitabu mstari ni mweusi sawasawa. Kwenye genga utaona mahali wino ulipokaribia kwisha na mahali kalamu ilipochovywa upya. Masuda wana ghala la kutunzia kurasa ambalo mgeni hulichungulia kupitia kioo: makabati, visanduku, watu wenye glavu. Mimi hukaa hapo kuliko kwenye chumba cha maonyesho, na sijui kama hilo ni la kusifiwa.

Kwa Fujita fanya kinyume, rudi nyuma. Mita 20 hazitazamwi kwa karibu. Kaa kwenye benchi, anza na theluji na maisha ya kila siku, fuata macho mpaka kwenye sherehe zenye mianzi ya taa, halafu tafuta minara ya visima vya mafuta, ambayo watu wengi hawaitarajii kwenye picha ya mila.

Kukiwa na mazungumzo ya mtaalamu, *gyararī tōku*, jiunge hata kama husikii Kijapani. Mara nyingi ni bure kwa mwenye tiketi. Fuata kidole chake. Anapokaa dakika nne kwenye pembe moja ya picha, pembe hiyo ina jambo.

Hatua ya 8: Kabla hujachukua begi

Katalogi ya maonyesho, *zuroku*, huuzwa dukani kwa yen 2,000 au 3,000 hivi. Kwa wachoraji wakubwa wa dunia siinunui. Kwa mchoraji wa mkoani inunue hapo hapo, kwani huchapwa kwa idadi ndogo na mara nyingi ndicho kitabu pekee chenye picha zake zote. Ni nzito, kumbuka basi la usiku.

Halafu pita kwenye rafu ya vipeperushi karibu na mlango wa kutokea. Ni vya bure, vimechapwa kwa rangi nzuri, na vinatoka makumbusho ya mikoa yote ya jirani: Aomori, Iwate, Yamagata, Miyagi. Kila kimoja kina kaiki, siku za kufungwa na, ukikigeuza, vipindi vya kubadilisha picha. Mimi hukata kile kipande chenye tarehe nikakibandika kwenye mlango wa friji. Sasa hivi vipo vitatu, na kimoja zenki yake inaisha Jumapili hii.